Pipi Haivutwi na Mtu Mmoja

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha langoni pa mahakama, nimepiga magoti, nabandua pipi ya mama mkwe kwa kisu cha jikoni, askari kanisimamia kichwani kama nyapara.

Aliyeingia leo nimpe kiti, asikae na maswali.

Mume wangu, Pyo Man-gil, alimsukuma jirani yetu Ok Chil-seong kwenye msiba wa mzee Bae. Chil-seong akaenda chini kinyumenyume, kisogo kikakutana na jiwe la kupangia mitungi ya sosi ya soya. Hakuamka tena. Walikuwa marafiki tangu siku za kuoga mtoni uchi. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na kazi yetu ni moja: kupika yeot, pipi ya mchele na kimea cha shayiri.

Siku ya hukumu mama mkwe alibandika kipande cha yeot kwenye nguzo ya lango la mahakama. Kwetu ndivyo mama anavyofanya mwanawe akiingia kwenye mtihani mkubwa. Pipi inanata langoni, na mtoto naye ananata kwenye shule anayoitaka. Bibi wa watu akaona mahakama nayo ni mtihani kama mitihani mingine.

Pipi ilinata kweli. Kilichonata ni miaka minne.

Kijiji kizima kikamlaumu. "Bibi, nani anabandika pipi jela?" Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja sikuweza kuyarudisha yalikotoka.

Basi tukakata rufaa.

"Mama Seon-ok," alianza Wakili Geum. Ni kijana tuliyepewa na mahakama, tai imemkaba kama kamba ya mbuzi. "Rufaa haina miujiza. Hatusemi hakufanya. Tunaomba kupunguziwa tu."

"Basi tupunguziwe. Mimi sokoni napunguziwa kila siku."

"Hapa si sokoni, mama."

"Nimeona. Sokoni muuzaji hunitazama usoni."

Akakohoa, akanitazama usoni. Ni kijana mwema, hana hatia ila ile tai.

"Sheria inapunguza kwa mambo mawili," akasema. "La kwanza ni pombe. Mtu aliyelewa chakari huhesabiwa kuwa akili yake ilipungua, na akili ikipungua, adhabu nayo hupungua. Hilo tunalo. Wewe mwenyewe ulisema alikuwa amelewa."

"Chakari," nikajibu, bila kupepesa.

"La pili ni mke wa marehemu. Asimame mbele ya majaji, aseme amesamehe. Pombe bila msamaha haikutusaidia mara ya kwanza, na safari hii mwendesha mashtaka naye amekata rufaa. Anataka miaka iongezwe."

"Nilidhani mizani ya mahakama inakwenda upande mmoja."

"Inakwenda pande zote mbili, mama. Huyo mke wa marehemu unaelewana naye?"

Nilimwambia tunaelewana sana. Kila nikimtembelea ananirushia kitu.

Sikuwa natania. Nilikwenda na bahasha ya pole, bahasha ikarudi ikiruka ukuta. Nikaenda na samaki mkavu, samaki akarudi njia ileile, paka akaimaliza hiyo kesi. Nikaenda mikono mitupu, nikapiga goti kwenye theluji mlangoni pake, akatoka na ndoo ya maji ya kuoshea kabichi. Sikungoja kujua anakwenda kuyamwaga wapi.

Na mimi sikuwa na muda wa kungoja hasira zake zipoe. Man-gil ana kifua kibovu. Daktari wa gereza, mtu asiyependa maneno, alinitamkia kwenye korido: "Msimu mmoja wa baridi humu ndani, labda. Miwili, hapana."

Hesabu hiyo haihitaji wakili. Miaka minne kwa mume wangu ni jeneza lenye kalenda.

* * *

Ukafika mwezi wa mwisho, Mwaka Mpya ukanukia. Huo ndio msimu wetu. Watu wanataka yeot mezani, na jela haisimamishi sikukuu.

Nikapika peke yangu. Ukipika yeot, kazi yako kubwa ni kupunguza. Maji matamu yaliyokamuliwa yanajaza sufuria la chuma ambalo mtoto anaweza kuogea, nawe unakaa na mwiko unakoroga, kuni unachochea, mvuke unapanda, maji yanashuka, yanashuka, hadi jioni sufuria zima limekuwa donge la kahawia unaloweza kulipakata. Ukipunguza kidogo, ni uji. Ukizidisha, ni makaa. Mama mkwe alinifunza kazi hiyo kwa kunipiga na mwiko uleule.

Lakini donge la kahawia si pipi bado. Lazima livutwe. Watu wawili wanakaa chini wakitazamana, nyayo kwa nyayo, katikati chombo cha maji ya moto kinatoa mvuke. Mmoja anashika huku, mwingine kule. Unavuta, unakunja, unavuta, unakunja, mpaka ule ukahawia unageuka mweupe kama nywele za bibi. Ukiachia, inaanguka. Ukisimama kupumzika, inaganda. Anayevuta anaambiwa "vuta," na mwenzake anayeshikilia anasema "nimeshika." Ni hayo tu. Miaka yote ya ndoa yangu nimeongea na mume wangu maneno hayo mawili kuliko mengine yote, na sasa naona yalitosha.

Nani angevuta nami sasa?

Mama mkwe alijitolea. Nilivuta mara moja tu, bibi akaja mzima mzima, akalala kifudifudi juu ya pipi.

"Mkwe," akasema, uso umo ndani ya donge, "usiniambie nimenata tena."

Wanawake wa kijiji nao kila mmoja alikuwa na mgonjwa, mgeni au mguu unaouma. Hakuna anayependa kukaa nyayo kwa nyayo na mke wa muuaji, hasa karibu na sikukuu.

Siku hiyo alasiri, upande wa pili wa ukuta, nilimsikia naye. Mama Jong-dae, mjane wa Chil-seong. Moshi wake ulikuwa umepanda tangu alfajiri kama wangu. Nilisikia donge lake likipigwa mezani, pu, pu, pu. Sauti ya mtu anayejaribu kuvuta peke yake.

Halafu kimya.

Halafu mlango wangu ukasukumwa.

Alisimama na sinia, juu yake donge limeanza kukakamaa. Kichwani ameshikiza utepe mweupe wa msiba.

"Una mikono?" akauliza.

"Ninayo."

"Nimekuja kwa mikono yako. Sikuja kwa uso wako."

"Uso wenyewe sina siku hizi. Ingia."

Hakucheka. Zamani angecheka. Zamani aliniita mdogo wangu, na mimi nilimwita dada, tukichukuliana chumvi bila kuhesabu. Tangu msiba alikuwa ananiita "wewe," tena akipenda kusema.

Tukakaa chini. Nyayo zake zilikuwa za baridi. Tukalilainisha donge lake juu ya mvuke, kila mmoja akashika upande wake.

"Vuta."

"Nimeshika."

"Vuta."

"Nimeshika."

Tukaenda hivyo kwa muda mrefu. Mama mkwe alikaa kwenye kona, ameziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

Mwishoni ni mimi niliyeshindwa. "Dada, ana kifua. Hatamaliza miaka minne."

"Vuta."

"Naomba umwombee apunguziwe. Kidogo tu."

"Nimeshika." Akavuta kwa nguvu, nikaenda mbele. "Hebu niambie wewe unayejua kupika. Hayo maji yanayopungua kwenye sufuria huwa yanakwenda wapi?"

"Yanapanda na mvuke."

"Kisha?"

Nikatazama juu. Boriti za dari yetu zilikuwa zinatona, nyeusi, zenye utando wa sukari wa miaka. Kila mpika yeot anajua dari yake inanata.

"Yanaganda darini," nikasema.

"Naam. Hakuna kilichopotea, kimehama tu. Sasa hiyo miaka mnayotaka kumpunguzia mumeo, mnataka kuihamishia wapi? Ina mtu wa kuibeba? Au dari ni mimi?"

Nilikunja, nikamrudishia upande wake.

"Na kingine," akasema, sasa kwa sauti ya chini, ile ya kuulizana bei. "Ulisema mahakamani alikuwa amelewa."

"Kwenye msiba kila mtu hunywa."

"Mwezi mzima ule nyumba yako ilinuka dawa. Kila jioni ulikuwa unachemsha mizizi kwenye kile chungu cha udongo, chungu kizima unakishusha mpaka bakuli moja. Harufu ikaruka ukuta, ikaingia hata kwenye kabichi langu la kimchi. Chil-seong akalalamika kwamba anakula kabichi lenye homa."

Mikono yangu ikaendelea na kazi.

"Mtu aliye kwenye dawa ya mizizi hagusi pombe," akaendelea. "Wala nguruwe, wala figili. Hata mtoto anajua. Man-gil angegusa pombe siku ile, wewe ungekuwa umemuua kwanza, tena kwa mwiko. Hakunywa. Bakuli la pombe lilimmwagikia shati wakati wa kusukumana, nalo shati ndilo lililolewa."

Vidole vyangu vilifunguka.

"Shika!" akanifokea. "Pipi inaganda!"

Nikashika.

Alijua. Siku zote za kesi alikaa kwenye benchi la mbele, pua yake ikijua ninachosema, na hakusema neno. Wasomaji wangu, nimewahi kuibiwa, kupigwa na kudanganywa na wauza mbegu. Sijawahi kunyamaziwa namna hiyo.

"Unataka nini, dada?"

"Chil-seong alimwita nyuma ya nyumba, kwenye mitungi. Walikuwa wawili tu. Mmoja yuko kaburini, na wa pili anasema alilewa, hakumbuki. Nimeishi na yule mwanamume tangu nina miaka kumi na tisa. Nataka neno lake la mwisho. Ni langu, si la Man-gil."

Pipi ilianza kuwa nyeupe katikati yetu.

"Akisimama mbele ya majaji akaacha huo mchezo wa pombe, akasema kilichosemwa, nami nitasimama. Nitasema nimesamehe, kwa mdomo huu huu. Asiposema, nitasimama vilevile. Nitawaeleza habari ya chungu chako."

"Vuta," akamalizia, kama hakusema kitu.

Tulipokwisha na donge lake, akaniambia nilete langu. Tukalivuta nalo hadi mwisho. Sijawahi kutoa yeot nzuri kama ile. Ukiivunja inalia, ndani ina vitundu kama mfupa wa kuku.

Alipokwenda, mama mkwe akaondoa mkono mdomoni.

"Huyo mwanamke ana pua ya mbwa," akasema. Akafikiri kidogo. "Na mikono ya malaika. Mungu hajui kupanga vitu."

* * *

Chumba cha kutembelea wafungwa kina kioo chenye vitundu vidogo vya kupitishia sauti. Man-gil alikuja amevaa nguo za kijivu zinazomzidi. Alikuwa mtu wa mwili siku zote, sasa jela ilikuwa inamshusha polepole, kama mpishi mwenye moto wa wastani.

"Umekonda, Baba Seon-ok."

"Chakula chao hakina mtu wa kugombana naye."

Akakohoa. Nikangoja. Alikohoa mpaka mlinzi akatazama pembeni.

Nikamweleza yote: mikono, mvuke, pua, sharti. Alinisikiliza kichwa chini. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Bado anamwekea wali?"

Kwetu mjane huweka bakuli la wali mbele ya picha ya marehemu. Wengi huweka siku za mwanzo, kisha maisha yanawazidi.

"Kila asubuhi," nikasema. "Wa moto. Namsikia akimkaribisha."

"Basi, siwezi."

"Huwezi nini? Alikwambia nini, Man-gil? Mimi ni mkeo au ni posta?"

Akasogeza mdomo kwenye vile vitundu.

"Alisema anaondoka. Baada ya sikukuu. Na yule mwanamke anayeuza supu kituo cha basi."

Nikasogeza sikio kwenye kioo.

"Walishapanga chumba mjini. Mkewe hajui. Akasema yeye hana moyo wa kumwambia, akaniomba mimi nikamwambie akishaondoka, kwa sababu eti mimi ni mpole." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Alikuwa anatabasamu, Mama Seon-ok. Ameshika paja la nguruwe mkononi, anatabasamu. Nikamsukuma. Sikumpiga. Ningempiga, angekuwa mzima leo. Mimi sijui kupiga."

"Sema hivyo hivyo kwa majaji!"

"Mbele ya kijiji chote? Jong-dae na mkewe wamekaa pale? Yule mama anamwekea mtu wali wa moto, mimi niende nikapindue bakuli?"

"Yeye mwenyewe anataka kujua!"

"Anataka kujua neno zuri. Hakuna mtu anayeulizia neno la mwisho akitaka baya."

"Na kifua chako je?"

"Kifua changu nimekizoea."

"Mimi sijakizoea!"

Mlinzi akagonga meza. Muda umekwisha. Man-gil akasimama, akaweka kiganja juu ya kioo, kiganja chenye makovu ya moto wa sukari kama changu.

"Usimwambie," akasema.

"Sijaahidi."

"Mama Seon-ok."

"Nimesema sijaahidi. Nenda ukale chakula chako kisicho na ugomvi."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba lile neno. Asubuhi iliyofuata nilimsikia upande wa pili wa ukuta. Kifuniko cha chungu cha wali. Kijiko. Na sauti yake: "Kula, usikae na njaa."

Nilikwenda mpaka ukutani. Nikafungua mdomo. Nikaurudisha ndani ya nyumba kama nilivyoutoa.

* * *

Siku ya rufaa mama mkwe alipanda basi amepakata bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Mama, hiyo nini?"

"Tofu."

Anayetoka jela tunamlisha tofu nyeupe, jibini laini la soya, palepale mlangoni, ili atoke safi na asirudi.

"Mama, hajatoka."

"Safari ile nilileta kitu kinachonata. Leo nimeleta kinachoteleza."

Nimekaa na mama huyu miaka mingi, na bado sijui lini amechanganyikiwa na lini amenizidi akili.

Mama Jong-dae alikuwa kwenye basi hilohilo, mbele kabisa. Mahakamani nilidhani atakwenda upande wa mwendesha mashtaka. Akaja akakaa kwangu. Bega kwa bega. Watu wa kijiji wakageuka wote, shingo zikalia.

"Ulimwambia?" akauliza, macho mbele.

"Nilimwambia."

"Atasema?"

"Mdomo ni wake."

Majaji watatu wakaingia. Man-gil akaletwa. Wakili Geum, tai yake ikiwa mpya lakini inakaba vilevile, akaeleza habari ya pombe, ya akili iliyopungua na kumbukumbu iliyofutika. Alisema vizuri. Kwa dakika chache hata mimi niliyempikia dawa nilimwona Man-gil akiyumba.

Jaji wa katikati, mzee mwenye sauti kavu, akamwelekea mshtakiwa.

"Siku hiyo ulikunywa kiasi gani?"

Man-gil akasimama.

"Sikunywa, Mheshimiwa."

Kalamu ya Wakili Geum ilianguka. Nilisikia ikibingirika mpaka ukutani.

"Mkeo aliieleza mahakama kwamba ulilewa chakari."

"Mke wangu alitaka nirudi nyumbani. Nilikuwa natumia dawa. Sikuonja hata tone, na kila kitu nakikumbuka."

Mama Jong-dae akavuta pumzi. Mkono wake ukatafuta wangu kwenye benchi, ukaushika. Kiganja kigumu kama gome. Nikajua sasa linakuja. Sehemu yangu moja ikashukuru, nyingine ikatamani paa lituangukie.

"Kwa nini basi ulimsukuma?" akauliza jaji. "Alikwambia nini?"

Man-gil akageuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, utepe wake mweupe, mkono wake juu ya mkono wangu.

"Alisema yeot ya nyumbani kwetu ni gundi ya viatu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia kwa kikohozi. Mwendesha mashtaka aliinua kichwa kama paka aliyesikia sahani.

"Rudia," akasema jaji.

"Alidharau pipi yetu, Mheshimiwa. Nikakasirika. Nikamsukuma."

"Ukiwa na akili zako timamu?"

"Timamu."

"Rafiki yako wa tangu utotoni. Kwa sababu ya pipi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Wakili Geum alijifunika macho kwa kiganja. Hata mimi nisiyejua sheria niliona. Pombe ameimwaga, na badala yake ameweka sababu ambayo hata mtoto angechapwa kwa ajili yake. Alikuwa amesimama pale, mbele ya watu wote, anajiongezea miaka kwa mkono wake, akiirundika juu ya kile kifua. Na akakohoa. Kikohozi kile kilijaza ukumbi wote, na jaji akangoja kiishe.

Mkono wa Mama Jong-dae ukaniachia.

"Upande wa familia ya marehemu," akasema jaji. "Kuna anayetaka kusema?"

Akasimama. Akanyoosha sketi yake.

"Mheshimiwa," akasema, "mume wangu hakuwahi kuisema vibaya yeot ya jirani. Alikuwa anaruka ukuta kwenda kuiiba. Alikula yao kuliko alivyokula ya kwetu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha akawapa majaji mgongo, akanigeukia mimi. Karani akainuka kumkataza, jaji akamzuia kwa kidole.

"Mdogo wangu," akasema.

Hakuwa ameniita hivyo tangu msiba. Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto baada ya kuzoea baridi.

"Ndivyo alivyosema?"

Kizimbani Man-gil alitikisa kichwa, polepole, akinikataza. Kando yangu mama mkwe ameinamia bakuli lake, maji ya tofu yamepita kitambaa, yanadondoka sakafuni mwa mahakama, tone, tone. Benchi la nyuma Jong-dae amesimama, mtoto niliyembeba mgongoni, ana macho ya baba yake. Nami nina neno mdomoni ambalo likitoka linampunguzia mume wangu miaka, na yote inahamia kwenye dari ya mwanamke huyu.

Nikasimama.

"Sivyo, dada."

Ukumbi ukavuma. Man-gil akaita jina langu, lile la usichana, ambalo sikujua kama bado analikumbuka.

"Alisema nini?"

Nikafungua mdomo. Nikamwona asubuhi na kijiko chake na wali wa moto.

"Dada, ni zito."

Hapo akafanya kitu ambacho majaji wale watatu hawakukielewa, na mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu alikielewa. Alisogea mbele yangu, akapanua miguu kidogo kama mtu anayejiweka sawa, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vile vidole vyenye makovu vikiwa tayari kufunga.

"Vuta, mdogo wangu," akasema. "Nimeshika."